Alianza na Mawingu, Akaishia na Vita

Aprili 1917, mapigano ya Champagne yakiwa yamepamba moto huko Ufaransa, karatasi za dereva mmoja wa gari la majeruhi zilipelekwa nyuma ya mstari wa mbele ziwe salama, zikapotea. Miezi ikapita. Zilikuja kuonekana Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Mtu asiyejua angedhani ni daftari la karani aliyerukwa na akili: jedwali juu ya jedwali, tarakimu zimepangwa safu kwa safu, hali ya hewa ya Mei 1910 imegeuzwa namba.

Dereva huyo aliitwa Lewis Fry Richardson. Alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1881, katika familia ya Marafiki (Quaker), dhehebu ambalo watu wa Kaimosi na Vihiga, magharibi mwa Kenya, hawahitaji kuelezwa habari zake. Marafiki hawashiki silaha. Richardson naye alikataa kupigana, lakini hakukubali kukaa nyumbani wenzake wakifa. Tangu 1916 hadi 1919 aliendesha gari la kubeba majeruhi wa jeshi la Ufaransa. Zamu ikiisha alirudi kwenye kibanda chenye baridi, akaketi juu ya nyasi kavu, akaendelea na hesabu zake.

Alitaka kutabiri hali ya hewa kwa hesabu. Wataalamu wa enzi hizo walitabiri kama wavuvi wazee: wanatazama ramani ya leo, wanakumbuka siku iliyofanana nayo, wanasema kesho itakuwa kama kesho ya siku ile. Richardson aliona kwamba hewa inafuata kanuni za fizikia, kwa hiyo ukijua ilivyo saa hii, kanuni zitakwambia itakavyokuwa baada ya saa sita. Akachukua vipimo vya asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910 vya Ulaya ya kati, siku ambayo matokeo yake yalikuwa yanajulikana tayari, akapiga hesabu kwa mkono kwa takriban wiki sita ili apate mabadiliko ya saa sita.

Jibu lilikuwa kichekesho. Hesabu ilisema mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145. Hiyo ni karibu sawa na tofauti kati ya siku tulivu na kitovu cha kimbunga kikali kuliko vyote vilivyowahi kupimwa duniani. Siku yenyewe kipimo hakikusogea sana. Mwingine angelichoma daftari lake. Richardson alilichapisha kosa lake mwaka 1922, na milibari zake 145, katika kitabu kilichoeleza pia ndoto yake ya ukumbi mkubwa wa duara wenye watu 64,000, kila mmoja akipiga hesabu ya kipande chake cha dunia na kumpa jirani yake jibu.

Miongo mingi baadaye mtaalamu wa Ireland, Peter Lynch, aliirudia hesabu ile kwa kompyuta. Kanuni zilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni vipimo vya mwanzo: vilikuwa na kelele ndogondogo, upepo wa hapa haukulingana vizuri na mgandamizo wa pale, na kanuni zikaikuza kelele ile mpaka ikameza kila kitu. Lynch alipovisawazisha vipimo vya asubuhi ile, mabadiliko yakashuka chini ya milibari 1. Richardson alikuwa ameipata kesho. Aliyoikosa ilikuwa leo.

Nimekaa na habari hii kwa muda kwa sababu Richardson hakubaki kwenye mawingu. Mwaka 1920 idara ya hali ya hewa aliyokuwa akiifanyia kazi iliwekwa chini ya wizara ya ndege za kijeshi, akajiuzulu. Muda mwingi wa maisha yake yaliyobaki, akiwa mwalimu na baadaye mkuu wa chuo cha ufundi cha Paisley, Uskoti, aliutumia kupima vita kama alivyopima hewa. Waliomfahamu walimwona mtu wa ajabu kidogo. Lakini ukisoma alichokifanya utaona ni ukaidi uleule wa kwenye nyasi: kama jambo linatokea, basi na lihesabiwe kwanza, hasira baadaye.

Alianza na mashindano ya silaha. Aliandika milinganyo miwili tu. Taifa huongeza silaha kadiri linavyomwogopa jirani. Hupunguza kadiri gharama zinavyolichosha. Na juu ya yote kuna kinyongo cha zamani kisichotegemea silaha za mtu. Basi. Woga ukizidi uchovu, pande zote mbili hupanda ngazi bila yeyote kuwa na nia ya kufika juu. Alijaribu milinganyo hiyo kwa bajeti za kijeshi za Ufaransa na Urusi upande mmoja, Ujerumani na Austria upande wa pili, tangu 1909 hadi 1914, na nukta zikalala kwenye mstari karibu ulionyooka. Kila waziri aliyeidhinisha fedha zile alidhani ameamua mwenyewe.

Kisha akakusanya magomvi. Alichukua miaka ya kuanzia 1820, akaorodhesha kila ugomvi wa kuua alioweza kuusoma, akaupa daraja kwa sifuri za idadi ya waliokufa: wafu 1,000 ni daraja la 3, wafu 1,000,000 ni la 6, mauaji ya mtu mmoja ni daraja la sifuri. Vita vikuu viwili vya dunia vilikuwa peke yao kwenye daraja la 7. Hakujali kama ugomvi uliitwa vita vya ukombozi, uasi, au msako wa kurudisha nidhamu katika koloni. Maiti ni maiti. Alitafuta kama taifa fulani ni la kigomvi kwa asili, kama vita vina msimu, kama lugha moja huleta amani. Vita havikuwa na msimu. Vilianza kama dadu inavyotupwa, mwaka huu hakuna, mwaka ule viwili. Watu wa lugha moja hawakupona kuuana. Kilichoonekana zaidi ni majirani: nchi yenye mipaka mingi ilikuwa na vita vingi.

Hapo akaanza kupima mipaka, akakuta jambo la kuchekesha. Vitabu vya Hispania viliandika kwamba mpaka wake na Ureno una urefu wa kilomita 987. Vya Ureno viliandika 1,214. Hakuna aliyesema uongo. Mwenye rula fupi huingia kila kona, mwenye rula ndefu hukata njia. Mwaka 1967 mwanahisabati Benoît Mandelbrot alilichukua jambo hilo na kulifanya somo zima la maumbo yaliyovunjikavunjika. Richardson hakuwahi kuyaona hayo. Alifariki 1953. Vitabu vyake viwili kuhusu vita, alivyovitoa kwa gharama yake katika filamu ndogo za maktaba kwa kukosa mchapishaji, vilichapwa mwaka 1960.

Leo kazi ya namna hiyo ina jina: sayansi ya mifumo changamano. Jina ni zito kuliko jambo lenyewe. Mkazi wa Dar es Salaam anaijua tangu anapopanda daladala asubuhi. Foleni ya Ubungo haina mwenyewe. Hakuna dereva aliyetoka nyumbani kwenda kuitengeneza, kila mmoja anatazama gari la mbele yake tu, na bado jumla yao wanazaa kitu kimoja kikubwa chenye tabia zake, kinachoweza kuanza kwa sababu ya breki moja na kufika Kimara. Mwaka 1987 wanafizikia watatu wa maabara ya Brookhaven, Marekani, wakiongozwa na Mdenishi Per Bak, walionyesha kwa kompyuta jinsi rundo la mchanga linavyojipandisha lenyewe, punje kwa punje, hadi linapofikia mahali ambapo punje inayofuata inaweza isifanye lolote au ikaangusha upande mzima. Mwaka 2003 mtaalamu wa siasa Lars-Erik Cederman alirudi kwenye madaraja ya Richardson kwa macho hayo ya mchanga. Vita vidogo vingi, vikubwa vichache, na katikati hakuna mpaka wa kuonyesha kwamba hapa ndipo udogo unapoishia.

Lakini mchanga hauna siri moyoni. Binadamu anayo, na hapo ndipo watabiri wa siasa wanapokutana na milibari 145 zao.

Mei 1978 jarida moja la sosholojia la Marekani lilitoa makala ya Mark Granovetter. Chukua uwanja wenye watu 100, aliandika kwa maana hiyo, kila mtu na kizingiti chake. Wa kwanza atarusha jiwe hata akiwa peke yake. Kizingiti chake ni sifuri. Wa pili atarusha akimwona mmoja amerusha. Wa tatu akiwaona wawili. Endelea hivyo hadi wa mia, anayesubiri kuwaona 99. Siku hiyo uwanja mzima utawaka. Sasa mtoe mtu mmoja tu, yule mwenye kizingiti cha 1, na mahali pake umweke mwingine mwenye kizingiti cha 2. Wa kwanza atarusha jiwe, atageuka nyuma, hakuna aliyemfuata. Polisi wanamkamata, magazeti ya kesho yanaandika habari za mlevi. Umati ni uleule, hasira ni ileile, na kabla ya jiwe la kwanza anayetazama kwa nje hawezi kuzitofautisha siku hizo mbili.

Wakati makala hiyo inatoka, Iran ilikuwa inaandika yake barabarani. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1978 Rais Jimmy Carter alikuwa Tehran, kwenye karamu ya mfalme, Shah, akaisifu nchi hiyo kuwa kisiwa cha utulivu. Tarehe 7 Januari gazeti moja likamtukana mpinzani wa Shah, Ayatollah Khomeini. Tarehe 9 wanafunzi wa dini wakaandamana Qom, wakapigwa risasi. Msomaji wa Mombasa au Unguja atajua kilichofuata bila kufundishwa: arobaini. Siku ya arobaini ya wafu wa Qom, tarehe 18 Februari, ilisomwa Tabriz, nako watu wakauawa. Arobaini ya Tabriz ikafika Yazd mwishoni mwa Machi. Serikali inaweza kupiga marufuku mkutano wa hadhara, lakini itaanzia wapi kupiga marufuku matanga? Kila kifo kilijipangia tarehe ya mkusanyiko unaofuata, na kila mkusanyiko ulimwonyesha mtu mwoga kwamba hayuko peke yake.

Agosti mwaka huohuo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikadiria kwamba Iran haikuwa katika hali ya mapinduzi, wala hata ya kukaribia. Shah aliondoka tarehe 16 Januari 1979. Wengi wamewacheka wachambuzi wale tangu hapo, nami nilikuwa mmoja wao mpaka niliposoma alichoandika Timur Kuran, mwanauchumi, katika makala za 1989 na 1991. Chini ya utawala wa kuogopwa, alieleza, mdomoni ni hivi na moyoni ni vile. Kila mtu anaona midomo ya wenzake tu, kwa hiyo hata wapinzani wenyewe hawajui kwamba ni wengi. Mapinduzi yanapokuja huwashangaza majasusi, huwashangaza watawala, na huwashangaza waliopindua. Wahenga walikwishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hawakutuachia kifaa cha kupimia kimya.

Sisi wenyewe tulikuwa na uwanja wa Granovetter miaka 14 kabla hajauandika. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Zanzibar ilipinduliwa, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Desemba. Tanganyika ilipeleka askari polisi visiwani kusaidia kutuliza hali, na mji wa Dar es Salaam ukabaki na ulinzi mwepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wanajeshi wa kambi ya Colito, Lugalo ya leo, wakaasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tabora ikafuata tarehe 21. Tarehe 23 ikawa Jinja, Uganda. Tarehe 24 Lanet, karibu na Nakuru. Tarehe 25 makomando wa Uingereza walishuka Colito kwa ombi la serikali ya Nyerere. Wapo waliotafuta mkono wa wakomunisti nyuma ya mlolongo huo. Malalamiko yalikuwa yaleyale katika kila kambi, na yalikuwepo tangu bendera zilipobadilishwa. Kilichoongezeka kila siku ni habari redioni kwamba wenzenu wamethubutu. Mwanajeshi wa Lanet hakuhitaji amri kutoka popote. Alihitaji kuhesabu hadi tatu.

Mwaka 1994, baada ya machafuko ya Somalia na mauaji ya Rwanda, Makamu wa Rais wa Marekani Al Gore aliomba wasomi waulizwe swali moja: kwa nini dola husambaratika, na je, inaweza kujulikana mapema? CIA ililipia. Wasomi walikusanya mamia ya vipimo vya nchi karibu zote tangu 1955, wakavichuja miaka na miaka, na mwaka 2010 timu ya Jack Goldstone ikachapisha kilichobaki kwenye chujio: mambo manne. Aina ya utawala, hasa demokrasia nusu iliyogawanyika makundi. Vifo vya watoto wachanga. Majirani wanne au zaidi walio vitani. Ubaguzi unaofanywa na dola. Kwa hayo tu waliweza kutenganisha nchi zilizochafuka na zilizotulia kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 80, miaka miwili kabla. Vifo vya watoto havileti vita. Hapo vinafanya kazi ya kipimajoto, kwa sababu mtoto mchanga hafi kwa sababu moja, anakufa pale maji, barabara, zahanati na mshahara wa muuguzi vinapoharibika pamoja. Nakiri kwamba nimeipenda kazi hii kuliko nyingine zote za aina yake, kwa unyenyekevu wake. Ila mambo hayo manne hubadilika polepole kama mwendo wa kivuli. Yanaweza kukwambia nyumba ni ya makuti makavu; hayawezi kukwambia mwezi wa moto.

Kuhusu mwezi, walijaribu wengine. Agosti 2010, baada ya joto kali na moto kuteketeza mashamba, Urusi ilipiga marufuku kuuza nafaka nje. Misri, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa ngano duniani, ilikuwa upande wa pili wa meli. Tarehe 13 Desemba watafiti wa taasisi ya mifumo changamano ya New England, chini ya Yaneer Bar-Yam, waliipa serikali ya Marekani ripoti iliyoonya kwamba bei za vyakula zilikuwa zinaelekea kuzusha ghasia. Siku nne baadaye, katika mji mdogo wa Sidi Bouzid, Tunisia, mchuuzi wa matunda Mohamed Bouazizi, aliyenyang'anywa bidhaa zake na maofisa wa mji, alijichoma moto. Rais wa Tunisia, Ben Ali, alikimbia nchi tarehe 14 Januari 2011. Mubarak, rais wa Misri, aliachia ngazi tarehe 11 Februari. Mwaka huohuo kundi la Bar-Yam lilionyesha kwamba ghasia za 2008 na za 2011 zilijikusanya pale faharasa ya bei za vyakula ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipopita 210.

Namba moja! Watu waliishangilia kama bahati nasibu iliyotoka. Mimi nasita. Mwaka 2008 bei zilipita kiwango hichohicho, watu wakaandamana katika nchi nyingi, waziri mkuu wa Haiti akapoteza kazi, lakini Mubarak na Ben Ali walibaki vitini. Ngano ilikausha makuti miaka yote miwili. Kiberiti ni habari nyingine. Hata hivyo kuna jambo ambalo wachumi wa mbali hawakulisikia na Mswahili analisikia mara moja. Wamisri huuita mkate aish, neno la shina lilelile lililotupa sisi kuishi. Bei ya kitu chenye jina hilo inapopanda, mtu hahitaji kumsoma jirani yake moyoni ili ajue anafikiri nini. Kwa mara moja, vizingiti vya watu vimeandikwa ukutani, kwenye duka la mkate.

Nchini Kenya ukuta ulikuwa tofauti. Mwaka 2007 uchumi ulikuwa umekua kwa takriban asilimia 7, na wageni waliiita nchi hiyo nguzo ya amani ya eneo letu. Wananchi walipiga kura tarehe 27 Desemba. Matokeo yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na kabla ya usiku kuisha moshi ulikuwa unafuka kuanzia Kisumu hadi Mombasa. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo ilihesabu waliouawa 1,133. Mamia ya maelfu walihama makwao. Kibera, vijana waling'oa reli. Reli hiyo ndiyo iendayo Uganda. Siku hizo mwenye bodaboda Kampala alikuwa kwenye foleni ya petroli, Kigali na Bujumbura bei zikapanda, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kura Nairobi.

Serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja. Leo ikapotea tena, kama ya Richardson. Mwanzoni mwa Januari Wakenya wachache waliokuwa wakiandika mtandaoni, Ory Okolloh miongoni mwao, walitengeneza kwa siku chache tu ramani ambayo mtu yeyote aliweza kuitumia ujumbe: hapa pamechomwa, hapa barabara imefungwa, hapa majirani wamewaficha majirani. Wakaiita Ushahidi. Haikutabiri chochote. Ilipima saa hii kwa rula fupi, nukta kwa nukta, na miaka miwili baadaye programu hiyohiyo ilikuwa Haiti ikipokea jumbe za waliofukiwa na tetemeko.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa tarehe 4 Machi 2013, na safari hii kila mwenye kipimo alikuja nacho. Palikuwa na tume ya uwiano, wafuatiliaji wa maneno ya chuki, wazee wa amani vijijini wenye simu, masharti kwa wanasiasa wanaotuma jumbe kwa mkupuo. Palikuwa pia na katiba mpya ya 2010, kesi za mahakama ya kimataifa huko The Hague, na muungano wa Uhuru Kenyatta na William Ruto uliowaweka kambi moja watu waliochomeana nyumba miaka mitano kabla. Wanahabari wa kigeni walishuka na fulana za kuzuia risasi. Wakenya wakawatania mtandaoni kwa wiki nzima. Tarehe 30 Machi Mahakama ya Juu ilithibitisha ushindi wa Kenyatta, mpinzani wake Raila Odinga akasema hakubaliani na hukumu lakini anaiheshimu, na nchi kwa sehemu kubwa ikatulia.

Hapo watafiti wakakwama, kwa sababu wingu halisomi utabiri lakini wapiga kura wanausoma. Je, onyo lilizuia moto, au moto haukuwepo? Je, ni muungano wa wawili, au polisi, au majaji, au kumbukumbu ya kanisa lililochomwa Kiambaa? Kampala, wakati wa uchaguzi ule, wafanyabiashara walikuwa wamejaza matangi mapema. Nyanza na Pwani, ngome za Odinga, watu walirudi kazini. Walipoulizwa na wahojaji wenye madodoso wanajisikiaje, wengi walijibu kwamba wamekubali, maisha yaendelee, na mhojaji akaweka alama kwenye kisanduku cha amani.